Mwavuli, Programu Nyepesi Kuliko Zote

Jumatatu, 3 Machi

Wewe uliyeokota daftari hili, nakuomba kwa unyenyekevu wote: funga mlango kwanza. Usimsomee mwenzako. Usimsomee hata paka. Neno moja likivuja humu, mimi sina kazi. Na nikikosa kazi sina pa kulala, maana Shangazi, dada yake baba anayenihifadhi, alishasema nyumba yake si hoteli. Ukishindwa kujizuia kucheka, cheka mdomo umefumba. Asante.

Leo Bosi ametuita, mimi na Pomada. Pomada ni karani mwenzangu. Jina hilo nimempa mimi, kimyakimya, kwa ajili ya mafuta anayojipaka kichwani, ambayo yangetosha kulainisha bawaba za milango ya jengo zima. Sote wawili tuko kwenye kipindi cha majaribio, na kinaisha mwisho wa mwezi huu. Nafasi ya kudumu ni moja. Bosi alituambia hivyo huku akichonga penseli. Nikaitazama ile penseli inavyokwisha. Nikajiona mimi.

Kazi ya ofisi yetu, kwa asiyeijua: anayetaka leseni ya udereva anaendesha gari letu la mtihani kwa dakika ishirini, mtahini kakaa pembeni yake. Kamera mbili zinarekodi, moja inatazama barabara, nyingine mikono na miguu ya dereva. Kisha karani anaitazama video na kuhakiki alama za mtahini. Hakuna majina, namba tu, pasiwe na upendeleo. Mimi mpaka wiki iliyopita nilikuwa kwenye majalada. Video ya mtihani sijawahi kuiona. Sasa kamera zimebadilishwa, na programu ya zamani ya kuchezea video inazikataa faili mpya. Inaonyesha giza tupu. Pomada alilikodolea macho giza hilo Ijumaa nzima, nadhani akisubiri lipambazuke.

Bosi anataka programu mpya. Ya bure. Alilitamka "ya bure" mara tatu. Kila mmoja wetu alinganishe zilizopo na aandike ripoti. Hakusema kwamba mwenye ripoti bora ndiye atakayebaki. Lakini penseli ilisema.

Jumanne, 4 Machi

Nimeandaa jedwali. Vigezo thelathini na nane, kila kimoja na uzito wake, mistari kwa rula. Pomada amechungulia begani kwangu, akaniuliza kama natafuta programu au natafuta mke. Mtu asiyejua thamani ya jedwali utamjibu nini?

Nimepakua nne. Majina yake halisi ni marefu na yana namba, kwa hiyo naziita kwa picha zake: Chungwa, Jicho, Kinanda na Mwavuli.

Chungwa. Aibu! Sijamaliza kuisakinisha, imeshaniletea tangazo la dawa ya kuotesha nywele, imeshabadilisha ukurasa wangu wa kwanza wa intaneti, na imeshaniuliza kama najihisi mpweke. Nimeifuta. Imerudi. Nimeifuta tena. Imeondoka, lakini imemwacha mwanawe kwenye kona ya skrini, anapepesa.

Jicho. Inajigamba kwamba inafungua faili za kila aina. Ukiipa faili, inasema kuna kipande kimepungua, ukakitafute. Ukikileta, kile kipande nacho kinataka kipande chake. Nimezunguka hivyo saa mbili. Inanikumbusha dirisha letu namba nne, ambako mwananchi huambiwa kila siku arudi na nakala nyingine.

Kinanda. Ya maonyesho. Vitufe vinang'aa, rangi zinabadilika, kuna mistari ya mwanga inayocheza pembeni hata kama video ni ya gari limeegeshwa. Ndani yake hamna kitu cha maana ambacho nyingine hazina. Pomada alipoiona alivuta pumzi kama mtu aliyekutana na mchumba wake stesheni. Ameichagua papo hapo. Ripoti yake ameshaimaliza! Nusu ukurasa! Neno "inapendeza" limo mara nne, nimehesabu wakati ameenda msalani.

Mwavuli. Mbaya wa sura. Ya kijivu, vitufe kama punje za ufuta. Lakini imefungua kila faili bila kununa. Haina tangazo. Haiombi barua pepe. Haiji na ndugu zake. Nimeipenda, ila kwa hofu, kama ninavyopenda vitu vyote.

Jumatano, 5 Machi

Bado najaza jedwali. Kigezo cha sauti nimekiruka, kwa sababu spika zote za ofisi zimefungiwa kwenye droo ya Bosi tangu mtu fulani (ana mafuta kichwani) awashe muziki saa za kazi na kucheza na kiti.

Kigezo cha ishirini na mbili: je, kasi inabadilika? Kwenye Mwavuli unabonyeza kitufe chenye mshale, video inakwenda mara mbili. Nikabonyeza. Gari likatimka kweli. Safi! Alama kumi. Mara nikasikia harufu ya mafuta ya nywele mgongoni. Nilishtuka hivi! Nikaifunga programu kwa kipanya na jedwali kwa kiwiko kwa wakati mmoja. Pomada akasema alikuja kuazima stepla. Stepla yake ilikuwa mkononi mwake.

Kigezo cha ishirini na tatu: je, inakumbuka? Baada ya chakula cha mchana nimeifungua Mwavuli upya. Imekumbuka dirisha lilipokuwa. Imekumbuka video ilipoishia. Imekumbuka kila kitu kama nilivyokiacha! Alama kumi na nyota. Katika ofisi hii hakuna mwanadamu anayekumbuka hata kuzima feni.

Kisha nikahakiki video moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Na hapa, msomaji wangu wa siri, kaa kitako. Mtihani wa dakika ishirini umekwisha kwa dakika kumi! Nimeitazama saa ya ukutani mara tatu. Kumi! Nikairudia video ileile kwenye Kinanda. Ishirini kamili, inajikokota na mapambo yake kama bibi harusi mwenye gauni refu. Hiyo ndiyo tofauti kati ya programu nyepesi na programu nzito. Nilikuwa nikisoma tu habari za wepesi wa programu, leo nimeuona kwa macho.

Nimeongeza kigezo cha thelathini na tisa: Wepesi. Uzito wake ni mkubwa kuliko vyote.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi! Au nusu yake.

Bosi amesoma ripoti zote mbili. Ya Pomada aliisoma akiwa amesimama. Ya kwangu alikaa. Alipofika kigezo cha thelathini na tisa alivaa miwani, akaniuliza kama nina hakika na hiyo nusu ya muda. Nilisema ndiyo, sauti ikatoka kama ya bawaba. Akasema basi tutaona kwa vitendo: mimi nihakiki kwa Mwavuli, Pomada kwa Kinanda, halafu ataamua ipi iwekwe kwenye kompyuta zote. Kwa kuwa Mwavuli ni nyepesi, mimi nitapewa video mara mbili ya zake.

Pomada alinipongeza koridoni. Alisema nimechagua programu inayofanana na mimi. Nimeifikiria kauli hiyo mchana kutwa. Ni tusi.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya kwanza. Video thelathini na sita. Waliofeli: thelathini na tano.

Jamani, watu wanaendesha hivi na sisi tunavuka barabara! Kanuni inasema kwenye alama ya kusimama gari litulie sekunde tatu. Nimepima kwa saa ya ukutani. Sekunde moja na nusu! Wote! Kana kwamba wameambizana. Kona wanazikata kama wameiba kitu. Indiketa zao zinapepesa kama jicho lililoingiwa na mdudu. Huyo mmoja aliyefaulu alikwama nyuma ya trekta njia nzima.

Wala si madereva peke yao. Mji mzima umekosa utulivu. Mzee mwenye mkongojo amevuka kama anafukuzwa na nyuki. Mbwa aliyelala kando ya barabara anapumua kwa fujo. Askari wa usalama barabarani anapunga mikono kama anazama. Kizazi chetu kinakimbilia wapi?

Lakini la ajabu kuliko yote ni Mzee Breki. Huyu ndiye mtahini wetu mkongwe, amepewa jina na watahiniwa kwa kuwa yeye neno lake ni hilo moja tu garini. Hawa wote niliowafelisha, yeye kawapa alama za kufaulu! Na kuna zaidi. Ofisini Mzee Breki anatembea ameshika kiuno. Kukaa kwake kwenye kiti ni safari, kuinuka ni safari ya kurudi. Ameomba likizo ya ugonjwa ya mwezi mzima kwa ajili ya mgongo. Sote tunampa pole, mimi nimewahi kumbebea mkoba. Sasa sikia: kwenye video, mtihani ukiisha, anateremka na kupita mbele ya kamera. Anateremka vipi? Anachomoka kama bisi! Paf! Na huyo, hatua mbilimbili.

Nimeirudisha mara tano. Tapeli!

Jumatatu, 10 Machi

Thelathini na sita. Wote chini.

Namba 417 ndiye mbaya kuliko wote niliowaona. Mwanamke. Amevaa bangili ya kijani na raba nyekundu zenye kamba nyeupe. Anazungusha usukani kama anayepiga mayai. Shangazi yangu ana raba kama zilezile, na bangili pia. Wenye viwanda waone haya: kiatu kimoja kwa mama mwenye heshima zake na kwa mhuni wa barabarani! Nimemwandikia: "Kasi ya kupindukia. Pupa kwenye usukani. Hajui maana ya kusimama." Nikatia sahihi yangu, ile kubwa, yenye mkia unaozunguka mara mbili na nukta tatu chini.

Jioni Shangazi alikuwa na furaha ya kutisha. Ameniambia habari aliyonificha makusudi ili aje kunishtua: Alhamisi alifanya mtihani wa leseni! Shule ya chekechea ya mtaa wa pili imenunua gari la kubebea watoto na imemwahidi kazi ya udereva kuanzia tarehe moja mwezi ujao. Kinachosubiriwa ni leseni tu. Miaka sita tangu kiwanda cha sabuni kimpunguze, ndiyo kazi ya kwanza inayomtaka yeye. Amesema akiipata ataacha kuosha vyombo vya watu.

Nimemwambia, kama mtaalamu, kwamba viwango vimepanda. Akacheka. Akasema hana wasiwasi. Majirani wanamwita Kobe, alipokuwa akijifunza na gari la fundi cherehani kuku walimpita. Akaniongezea mchuzi.

Nililala vizuri. Sijui kwa nini raba zake zilikuwa mlangoni zimeanikwa.

Jumatano, 12 Machi

Mpango! Ni mmoja, lakini una meno.

Nimemwandikia Bosi barua ya siri. Kurasa mbili. Kwanza: Mzee Breki anafaulisha wendawazimu wa barabarani. Pili: mgongo wake ni mzima kuliko wa Bosi mwenyewe (sentensi hii nimeiandika upya mara nne). Tatu: likizo yake ikataliwe. Nne: karani aliyegundua hayo anastahili kufikiriwa. Sikuweka jina langu. Nimesaini "Mpenda Haki".

Saa ya chakula cha mchana nimeipitisha barua chini ya mlango wa Bosi. Ilipotoweka nikashikwa na hofu. Je, kama herufi zangu zinajulikana? Nikachukua rula niivute barua irudi. Nikapiga magoti, nikachokoa. Hatua zikasikika koridoni. Nikaisukuma rula kwa nguvu. Nayo ikaingia.

Rula ina jina langu. Niliandika kwa wino usiofutika, kwa sababu ya Pomada.

Alhamisi, 13 Machi

Siku ya giza. Nimeandika haya nikiwa nimekalia godoro langu, na godoro langu liko uani.

Matokeo yametoka leo. Nilipofika nyumbani, Shangazi alikuwa kasimama barabarani na fomu mkononi, majirani wamemzunguka. Alikuwa akiwasomea kwa sauti. "Kasi ya kupindukia." Majirani wakaegemea ukuta. Fundi cherehani alicheka mpaka akakaa chini, akauliza: "Nani, Kobe? Au alikuwa na pacha?" Jirani mwingine akasema labda gari lilikuwa linateremka mlima limezimwa. Shangazi naye akacheka kidogo. Akaendelea kusoma. "Hajui maana ya kusimama." Hapo hakucheka tena. Akakunja fomu ikawa ndogo, akaingia ndani, akakaa. Chozi lake lilidondoka kwenye kitambaa cha meza ambacho hatukiwekei sahani.

Mimi niliinamia chakula changu. Nilitafuna wali kwa kuhesabu.

Kisha akainuka kuchukua maji kwenye friji. Ndani ya friji kuna kopo langu la siagi. Nimelibandika karatasi: "Mali ya mtu. Lisiguswe." Na sahihi. Ile kubwa, mkia mara mbili, nukta tatu.

Shangazi akalitazama kopo. Akaikunjua fomu. Akatazama fomu. Akatazama kopo. Nilisikia friji likinguruma.

Aliniita majina yangu yote matatu, kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa. Hakupaza sauti, heri angepaza. Alisema: "Wewe. Mtoto wa kaka yangu. Kuvuka barabara nimekufundisha mimi, ukiwa umenishika kidole hiki." Nilimjibu kwamba kwa mujibu wa kanuni hakuna shangazi, kuna namba tu. Niliona hapohapo kwamba jibu hilo halikunisaidia. Akanijibu kwamba basi na hapa nyumbani hakuna mtoto wa kaka, kuna godoro tu, na godoro linatoka nje.

Nimewaza sana huku uani. Kobe, kweli. Lakini video nimeiona kwa macho yangu! Jibu ni moja tu: binadamu ana mwendo wa mbele ya majirani na mwendo wa mbele ya kamera. Imenihuzunisha kumjua Shangazi kwa njia hii.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeitwa kwa Bosi saa nne. Mezani: barua yangu. Juu ya barua: rula yangu. Vitini: Mzee Breki, kakalia mto, na Pomada, aliyeitwa kuunganisha kompyuta na skrini kubwa ya ukutani.

Bosi alisema Mpenda Haki ametoa tuhuma nzito, na kwamba mtu mwenye miaka ishirini na saba kazini hawezi kunyimwa likizo kwa maneno matupu. Nionyeshe ushahidi. Moyoni nilisema: hii ndiyo siku yangu. Nikaifungua Mwavuli. Nikatafuta mwisho wa mtihani mmoja. Nikabonyeza.

Mzee Breki akachomoka garini. Paf! Hatua mbilimbili, huyo kapotea.

Kisha Mzee Breki akasema taratibu: "Hebu rudisha, kijana." Nikarudisha. Paf! Akaomba tena. Safari ya tatu alikuwa akicheka huku kashika kiuno, machozi yanamtoka, anasema ai, ai, msinichekeshe, panauma. Akamwambia Bosi kwamba kama angekuwa na uwezo ule angekwenda leo hii kuposa.

Pomada akasogea kwenye skrini. Akaweka kidole chake chenye mafuta kwenye kona ya chini. Palikuwa na alama ndogo kama sisimizi: 2×. Akaniuliza, kwa upole wa kinafiki, hiyo ni nini. Nikamjibu kwa dharau inayomstahili kwamba ni toleo la programu. Toleo la pili.

Akabonyeza kitufe kimoja.

Dunia ikapoa. Mzee Breki wa kwenye skrini akafungua mlango. Akatoa mguu mmoja. Akapumzika. Akashika paa la gari. Akatoa mguu wa pili, akapumzika tena. Bosi alivua miwani, akaifuta, akaikagua kwenye mwanga, akaivaa, na Mzee Breki bado hajasimama wima. Barabarani mzee mwenye mkongojo alikuwa akivuka kwa adabu. Hata mbwa alikuwa amelala kama mbwa.

Nilisikia tone la jasho langu likigonga rula.

Bosi akauliza ni watu wangapi nimewahakiki kwa toleo la pili. Mia moja na themanini, nikasema. Akauliza wangapi wamefaulu. Nikasema mmoja, na nikaeleza habari ya trekta. Akaanza kuchonga penseli.

Uamuzi: matokeo yote yamefutwa, Pomada atahakiki upya. Video ya namba 417 ilichezwa palepale kwa mwendo wake halisi, Mzee Breki akamtambua dereva kwa raba. Alisema tangu aanze kazi hajawahi kukalishwa kwenye gari lenye mwendo mdogo vile. Mama yule alisimama kuupisha mfuko wa plastiki uliopeperushwa na upepo, akaupungia mkono upite. Amefaulu, alama tisini na nane. Likizo ya Mzee Breki imekubaliwa, ataianza mwezi wa nne ukiisha. Nafasi ya kudumu ni ya Pomada. Mimi nimeongezewa miezi mitatu ya majaribio, ya mwisho, na meza yangu inahamishiwa chini, kwenye ghala la majalada, nihakiki video kumi na nane tu kwa siku.

Lakini ngoja! Bosi alipokuwa anatoka aliniambia kwamba ripoti yangu, ukiondoa kigezo cha thelathini na tisa, ilikuwa nzuri, na kwamba Mwavuli ndiyo itakayowekwa kwenye kompyuta zote. Kinanda itafutwa. Kwa hiyo, kwa hesabu ya haki, nimeshinda mimi. Pomada amethibitishwa kazini, na programu aliyoichagua imefutwa. Niliitazama sura yake. Alikuwa anatabasamu, lakini najua ni uchungu.

Jumatatu, 17 Machi

Shangazi amepata leseni. Nilikwenda kumwomba radhi. Alinisikiliza mlangoni, fundi cherehani naye akisikiliza dirishani kwake bila aibu yoyote. Amesema amenisamehe, kwa kuwa damu ni damu, lakini godoro nilichukue nikae nalo hukohuko kwa namba zangu mpaka nitakapojifunza kutazama mtu kabla ya kumwandika. Kopo la siagi kanirudishia. Limeliwa nusu.

Nimehamia ghala la majalada. Mlinzi anajua, Bosi hajui. Rafu ya herufi K ina joto zuri.

Jumatano, 9 Aprili

Nimebadilika. Mtu wa haraka haraka yule amekufa, mzikeni.

Nimejifunza kosa lilikuwa wapi: nilitazama mbio. Basi nimekwenda kwenye Mwavuli, nikabonyeza kitufe kile kingine, video sasa inakwenda nusu ya mwendo. Kwa umakini. Hakuna atakayenilaumu tena kwa pupa! Na Mwavuli, Mungu aibariki, inakumbuka. Wala sina haja ya kuiangalia ile kona. Nahakiki video tisa kwa siku badala ya kumi na nane. Umakini unataka muda.

Na sikia maajabu. Madereva wamebadilika! Kwenye alama ya kusimama wanatulia sekunde sita nzima! Barua yangu, ile mliyoicheka, imeutia mji adabu. Hakuna aliyenishukuru.

Ila wamevuka mpaka. Sasa wanajikokota, wanazuia magari, kona moja inachukua nusu dakika. Jana wote tisa nimewafelisha kwa uzembe na kuziba barabara. Kuna gari la chekechea nimeliona kwenye video tatu tofauti, limeegeshwa katikati ya barabara, watoto wamo ndani! Nikikodoa macho sana ni kama linasogea, lakini siwezi kuapa. Nimeandika namba yake ya usajili na kuipeleka juu. Dereva wa namna hiyo leseni alipewa na nani? Shangazi atafurahi nikimwambia: nimemwondolea mshindani.

Na Mzee Breki, maskini. Nilimkosea, nakiri kama mwanamume. Mgongo si wa utani. Sasa kuteremka garini kunamchukua dakika mbili na nusu, mdomo unafunguka polepole kama anaaga dunia. Likizo haitoshi. Nimemwandikia Bosi barua nyingine, ya huruma: mzee huyu astaafishwe leo kabla ya kesho. Na aya moja kuhusu Pomada. Nimemwona kwenye video ya kamera ya korido, anatembea kama yuko chini ya maji, kikombe kimoja cha chai kakinywa saa nzima. Mtu wa kudumu huyo!

Barua nimeisaini "Mpenda Huruma". Nimeisukuma kwa kidole safari hii.

Sasa wewe uliyesoma mpaka hapa, unajua mengi, na huenda ukataka kunipata. Fanya hivi. Njoo jengo la leseni, mlango wa nyuma, ule wenye ndoo. Shuka ngazi kumi na moja. Ya saba imevunjika, iruke. Ghala la majalada, mlango wa mwisho kushoto. Usiulize kwa Pomada. Usiulize kwa Shangazi. Usitaje jina langu, sema umekuja kwa ajili ya jalada la herufi K. Bisha mara tatu, kisha simama utulie sekunde tatu kabla ya kuingia.

Nitakuwa nakupima kwa saa ya ukutani.